Kuku Aliyefungwa Kitambaa

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto si harufu ya kusifiwa. Inakaribia ile ya nguo mbichi iliyosahaulika kwenye beseni siku mbili. Wengi wenu wa rika langu siku hizi mnanunua kuku aliyekwisha kunyonyolewa, msafi, amefungwa vizuri kwenye karatasi, na siwalaumu. Lakini Jumapili iliyopita, jikoni kwangu hapa Kanduyi, nilimwaga maji ya moto juu ya kuku wa kienyeji, mvuke ukanipiga usoni, na nilipokuja kujitambua nilikuwa nimeketi kwenye kigoda ninalia kwa sauti. Binti yangu alikuja mbio akidhani nimeungua. Nikamwambia ni moshi. Alilitazama jiko la gesi, akanitazama mimi, akaondoka zake.

Ni wiki tatu sasa tangu tumzike Kukhu kule Bumula. Kukhu ndivyo sisi tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake Mama. Kwenye matanga sikulia sana. Nilikuwa na mambo mengi, mara kutafuta viti, mara maji ya wageni ya kunawa, mara kugombana na watu wa turubai waliochelewa. Nilijiona mtu mzima mwenye nguvu zake. Kumbe kilio kilikuwa kinaningoja jikoni, ndani ya beseni la manyoya, kwa sababu ya kuku mmoja aliyeishi na kufa nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu.

Wakati huo tuliishi Kibomet, Kitale, katika chumba kimoja cha kupanga kilichogawanywa kwa pazia. Baba alibeba magunia kwenye ghala la mahindi. Mama alikuwa akifanya kibarua katika mashamba makubwa ya watu, akipanda, akipalilia, akivuna. Kikohozi chake kilianza majira ya kupanda. Mwanzoni tulikiona kama vumbi la shamba. Halafu akawa anakohoa akipika, anakohoa akisali, anakohoa akicheka, mpaka akaacha kucheka. Akapungua hadi sketi yake ya kanisani ikawa inashikiliwa na pini. Baba alipompeleka hospitali akaambiwa ni kifua kikuu.

Muuguzi alimwambia Baba mambo matatu. Kwamba dawa ni za miezi sita bila kuruka hata siku moja. Kwamba mgonjwa asipokula hatapata nguvu ya kushindana na ugonjwa. Na kwamba huko mwanzoni mtoto asilale naye chumba kimoja. Hilo la tatu hakuna aliyenieleza. Niliona tu nguo zangu zikitiwa kwenye mfuko, na Mama amesimama mlangoni, mbali, leso mdomoni, akinipungia mkono bila kunikumbatia. Juzi yake nilikuwa nimevunja kikombe chake cha udongo. Nikajiambia, basi, nimefukuzwa kwa sababu ya kikombe.

Nikapelekwa Bumula kwa Kukhu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Kumbembeleza mtoto hakukuwa kazi yake. Ukianguka ukalia, alikuuliza kwanza kama umemwaga maji. Alinipa jembe dogo, akanionyesha kitanda, akaniandikisha shule ya pale karibu, na asubuhi ya pili alinishika mkono akaniongoza mpaka kwenye banda la kuku.

"Unaona ule mwekundu?" akaniuliza. "Ule unajifanya mkubwa wa wengine?"

Nilimwona. Kuku jike mnene, mwekundu kama udongo wa barabara, mwenye jicho la dharau. Kukhu alimkamata mara moja bila kumfukuza, kisha akatoa mfukoni leso kuukuu ya Mama, ya manjano yenye madoadoa meusi, aliyoiacha alipokuja Krismasi. Akachana ukingo wake kwa meno na kumfunga yule kuku mguuni, fundo dogo lisilobana.

"Huyu ni wa mama yako," alisema. "Hachinjwi. Hauzwi. Hata mchungaji akikuja, hapana."

Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Lakini mtoto wa miaka tisa aliyeachwa bila maelezo hujitengenezea yake mwenyewe. Mimi nililala na jambo hilo siku mbili, nikaamka nimelielewa lote. Mama ni mgonjwa. Mama anaweza kufa, nilikuwa nimemsikia Baba akimnong'oneza jirani. Kukhu amechukua nguo ya Mama, akamfunga nayo kuku, akakataza kuku asiuawe. Kwa hiyo uhai wa Mama umewekwa mle ndani ya kuku. Akiishi kuku, ataishi Mama. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi, na nilimheshimu Kukhu kwa kuweza kufanya jambo zito kama hilo kwa meno na kitambaa.

Kuanzia hapo nikawa mlinzi. Watoto wenzangu walicheza kati, ule mchezo wa kurushiana mpira, mimi nilikaa karibu na banda na fimbo, macho juu, nikimsubiri mwewe. Nilimpa yule mwekundu punje za mahindi nilizozificha kutoka kwenye githeri yangu ya shule. Nilipoenda darasani nilimwachia maagizo jirani yetu kikongwe, ambaye alikuwa haoni vizuri, na sijui alilinda kitu gani. Mchana kutwa masikio yangu yalikuwa nyumbani. Mwalimu aliniandikia kwenye ripoti kwamba sisikilizi.

Na ushahidi nilikuwa nao, msinicheke. Kila Jumapili jioni Baba alipiga simu ya kabambe ya Kukhu, ile ndogo ya vitufe, naye Kukhu alijibu akipiga kelele kana kwamba Kitale iko ng'ambo ya bahari. Wiki moja kuku mwekundu alisinzia, mabawa yameshuka, hataki kula. Jioni hiyo nikamsikia Kukhu akiuliza, "Ati siku mbili? Hata uji?" Mama alikuwa amekataa chakula. Nilichuma pilipili, nikaziponda kwenye maji kama nilivyowahi kumwona Kukhu akifanya, nikamfungua yule kuku mdomo na kumnywesha, huku nikilia na kumwomba msamaha kwa ajili ya kikombe. Siku ya tatu aliamka na kumparura jogoo. Jumapili iliyofuata Baba akasema Mama amekunywa uji kikombe kizima na kuomba kingine. Sasa niambieni, mtoto gani angekuwa na shaka?

Kitu kilichonisumbua ni Kukhu mwenyewe, namna alivyofanya kanisani. Kanisa letu lilikuwa la mabati, sakafu ya udongo, na kabla ya mahubiri watu walisimama kutoa ushuhuda. Kukhu hakukosa. Alisimama, akanyoosha kitambaa cha kichwa, na kila Jumapili maneno yalikuwa yale yale. "Bwana asifiwe. Mimi nashukuru Mungu juu ya uzima. Na nashukuru Mungu juu ya msichana yangu ya Kitale." Kisha akaketi. Watu wakasema amina.

Anashukuru nini? Mama anakohoa damu, Kukhu anashukuru. Mama amekataa uji, Kukhu anashukuru. Na baada ya ibada wanawake walipomuuliza mbona huyu msichana haji siku hizi, alijibu, "Ako sawa. Ni kazi tu imekuwa mingi." Miaka ile mtu mwenye kifua kikuu alinong'onwa, kwa sababu watu waliuchanganya ugonjwa huo na ule mwingine walioogopa kuutaja, na Kukhu hakutaka msichana wake anong'onwe. Leo ninamwelewa. Wakati ule niliona bibi yangu anadanganya watu na anamdanganya Mungu nyumbani kwake mwenyewe, na niliogopa Mungu asije akakasirika akamalizia hasira zake kwa Mama.

Mahindi yakakomaa, yakavunwa, yakaanikwa kwenye maturubai, na Jumapili ya mavuno ikafika. Siku hiyo kanisa letu huwa kama soko. Kila nyumba huleta sadaka ya shukrani kutoka shambani au zizini: gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, malenge, mayai, mbuzi. Vitu huombewa mbele, na baada ya ibada hupigwa mnada pale nje, pesa zikienda kwenye kazi ya kanisa. Asubuhi nilimkuta Kukhu amempakata kuku mwekundu, anamsafisha miguu kwa kitambaa chenye maji. Kikapu chenye kifuniko kilikuwa pembeni.

"Tunaenda naye wapi?" niliuliza.

"Kanisani. Si leo ni mavuno?"

"Mama amepona?"

"Bado."

"Sasa..."

"Beba kikapu, tunachelewa."

Nilibeba. Ilikuwa mwendo wa nusu saa na nilibeba njia nzima, nikimhisi anavyopumua ndani. Nilifikiria kumwachilia akimbilie mashamba ya miwa, lakini nikakumbuka mwewe, na mbwa, na usiku. Nikajituliza kwamba huenda Mungu anataka kumwona tu, kisha atarudishwa. Mchungaji aliomba, sote tukafunga macho, mimi nikafumbua langu moja nikalikazia lile fundo la manjano.

Mnadani, aliyekuwa akiuza ni Mzee Barasa, mzee wa kanisa ambaye siku za wiki alikuwa dalali wa ng'ombe, na sauti yake ilijua kazi hiyo. Aliuza malenge, akauza ndizi, akauza mbuzi aliyekataa kusimama. Kisha akamwinua kuku mwekundu juu, mabawa yakapiga.

"Angarieni hii kuku! Kienyeji kabisa, bana! Hii si ya kutoka kwa boksi! Nani ataanza?"

Walioanza walikuwa wengi, na aliyemaliza alikuwa Baba Simiyu, mwenye hoteli pale sokoni Bumula. Baba Simiyu alijulikana kwa mambo mawili: supu yake ilikuwa tamu, na hakuwahi kumwongezea mtu hata kijiko kimoja. Nilikuwa nimepita mbele ya hoteli yake mara nyingi na kuona vichwa vya kuku kwenye ndoo. Alimpokea yule mwekundu kwa miguu, kichwa kikining'inia chini, na kitambaa cha Mama kikiwa ndani ya kiganja chake.

Nilisikia sauti ikipiga yowe, na ilinichukua muda kujua ni yangu.

"Usimchinje! Huyo ni Mama! Ukimchinja Mama atakufa!"

Watu wakacheka. Ni kawaida, mtoto akilia kwa ajili ya kuku watu hucheka. Nilimrukia Baba Simiyu mkononi nikaning'inia pale, na katika kuning'inia nikatoa yote. Kwamba Mama yuko Kitale ana kifua kikuu. Kwamba anakohoa damu. Kwamba hatoki kitandani. Kwamba Kukhu alimfunga kuku kwa nguo yake ili asife, na sasa Kukhu huyo huyo amemtoa. Kicheko kilikufa kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma. Mama mmoja alimvuta mtoto wake pembeni, akamweka nyuma ya sketi. Nililiona hilo, na Kukhu aliliona pia. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa kanisa, na kwa mara ya kwanza mikono yake mikubwa haikuwa na la kufanya.

Mzee Barasa alimgeukia Kukhu. "Mama, ni kweli?"

Kukhu alinyoosha kitambaa cha kichwa. Kisha akasema, "Ni kweli. Ni miezi mitano sasa. Niliona haya."

Ni Baba Simiyu aliyechutama mbele yangu, magoti yakimlia, akanitazama kama anayepima kama nimelipa. Akamgeuza kuku, kichwa kikawa juu.

"Sikiza. Hii kuku nimenunua, sivyo? Ni yangu. Na mimi kitu yangu nikipenda kupatia mtu nampatia." Akamweka mikononi mwangu. "Pelekea mama. Na umwambie akule. Akule yote, na supu. Mtu wa kifua asipokula, dawa inamshinda."

Watu wakapiga makofi. Wanawake wawili wakaenda kwa Kukhu, mmoja akamshika bega, na nikamwona mwingine, yule aliyemvuta mtoto, akisita, halafu naye akasogea. Ilikuwa saa nzuri sana kwa kila mtu isipokuwa mimi. Mimi nilisimama pale na kuku kifuani, nikisikia neno moja tu. Akule.

Kukhu alitembea mbele yangu njia nzima. Nilijua nitachapwa. Tulipofika aliketi kwenye gogo mbele ya jiko, akaniita, akaniuliza kwa upole usio wake nimesema nini kule, na kwa nini. Nilimweleza tangu leso hadi pilipili. Alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa ukingo wa vazi.

"Kumbe mutoto umebeba hii kitu yote peke yako," alisema. "Na mimi niko hapa nakupatia jembe."

Alinieleza kwamba uhai wa Mama hauko ndani ya kuku yeyote. Alimfunga kuku kitambaa ili asisahau ni yupi aliyewekwa kwa ajili ya shukrani, basi, kama mtu anavyotia alama gunia la mbegu asije akalipika. Uhai wa Mama uko kwa Mungu, ambaye yeye humwita Wele Khakaba, Mungu mgawaji. Nilitikisa kichwa kwamba nimeelewa. Nilimwamini nusu. Nusu nyingine ilikumbuka ile wiki ya uji.

Likizo ilikuwa imekaribia, na Baba alikuwa amesema hospitali imeruhusu nimwone Mama. Tukaenda Kitale, Kukhu na mimi na kuku. Kitale mahindi yalikuwa bado yamesimama, kwa sababu huko huvunwa baadaye, na upepo ulikuwa baridi. Mama alikuwa ameketi juani kwenye gunia mbele ya chumba chetu, amevaa sweta mbili, anachambua kunde. Alikuwa mdogo. Nilikuwa nimemwacha mkubwa na sasa alikuwa mdogo, shingo yake nyembamba kama ya msichana. Alinyoosha mikono, nami nikasimama nikiogopa kumvunja kama kikombe. "Kuja," alisema. "Wamesema siwezi kukuambukiza tena. Kuja, Nekesa." Alinuka dawa na sabuni. Nilipomwambia samahani juu ya kikombe hakukumbuka hata ni kikombe gani.

Baba alitoka na kisu. Kwetu mwanamume ndiye huchinja. Nilimwambia Kukhu nataka kwenda chooni, sikwenda. Nilikaa kwenye kona ya nyumba, mahali ambapo kushoto nilimwona Baba amemkanyaga kuku mabawa, na kulia nilimwona Mama. Ilibidi nichague wa kumtazama, na nilichagua Mama. Nilimkazia macho. Nilisikia kuku akilia mara moja, nikasikia mabawa yakipiga ardhi kwa nguvu, halafu kwa unyonge, halafu kimya.

Mama alijikuna pua. Akatupa kikonyo cha kunde pembeni, akapiga miayo, akachukua kunde nyingine.

Sijui niliwaza nini. Najua nilikwenda nikakaa miguuni pake, nikaegemeza kichwa kwenye goti lake lililokuwa mfupa mtupu, na kutetemeka mpaka akaniuliza kama nina malaria. Baba alimwaga maji ya moto kwenye beseni na ile harufu ikaja, ya nguo mbichi, ya manyoya, na niliivuta ndani yote. Kukhu alikifungua kile kitambaa mguuni mwa kuku, akakisuuza, na kukitundika kwenye kamba ya nguo.

Chakula kilipoiva tuliketi ndani, pazia limefunguliwa. Wale wa kwetu mnajua mambo ya firigisi. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mwanamke aliyepika kuku asipoileta firigisi mezani hueleza mpaka kesho. Na wale wa umri wa Kukhu walilelewa wakijua mwanamke haonji kuku kabisa. Kukhu aliwafuga maisha yake yote, akawapikia mume, wakwe na wachungaji, na yeye alikula mboga. Alipookoka wakamwambia hakuna tena mwiko, akasema anajua, ila ameshazoea.

Kukhu aliomba. Nilingoja orodha ya maombi, dawa, nguvu, kazi ya Baba. Alisema, "Orio, Wele Khakaba. Asante. Amekaa na sisi leo. Amina." Baba akapakua. Alipoifikia firigisi aliitazama kidogo, kisha akaiweka kwenye sahani ya Mama.

"Hii ni yako," Mama alisema, akiirudisha kwa kijiko.

"Nimesema kula."

"Watu watasema nini?"

"Watu gani? Si ni sisi tu hapa?" Na sauti ya Baba, mtu wa kubeba magunia, ikakatika katikati. "Kula, mama. Tafadhali kula."

Mama aliikata vipande viwili. Kimoja akakitia mdomoni, akatafuna polepole, macho yamefumbwa. Kingine akakiweka kwenye kiganja cha Kukhu. Kukhu alikiangalia kama kitu alichookota barabarani. Nilidhani atakirudisha. Alikila. "Kumbe," alisema, akitafuna, "hii ndiyo kitu walikuwa wanatuficha?" Baba akacheka, Mama akacheka, na Mama alipocheka hakukohoa. Nilisubiri kikohozi, hakikuja. Alimaliza nyama, akanywa supu, akasema, "Ugali umebaki?"

Aliendelea na dawa hadi zikaisha. Nilirudi Kibomet mwaka uliofuata. Sina maelezo makubwa kuliko hayo. Ninajua watu walioomba kuliko sisi na kushukuru kuliko sisi, na waliwazika wapendwa wao, kwa hiyo sitawaambia kwamba kuku alinunua kitu.

Lakini mwaka huu, kabla Kukhu hajaanza kusahau majina yetu, nilikwenda kumwona Bumula. Nilikuwa na mzigo wangu mwenyewe. Mume wangu alikuwa amepoteza kazi, nami nilikuwa nimeacha kuomba, si kwa hasira, kwa uchovu tu. Tulikaa jikoni tukimenya viazi. Nikamuuliza swali nililolibeba tangu ile Jumapili ya mavuno.

"Kukhu, ile siku ulipeleka kuku kanisani, Mama alikuwa bado mgonjwa sana. Ulijuaje atapona?"

Aliacha kumenya. "Sikujua."

"Sasa ulishukuru nini?"

Alinitazama kama zamani, nilipokuwa nimeanguka na yeye anataka kujua kama maji yamemwagika. "Ningejua atapona," alisema, "si ningengoja apone kwanza?"

Kisha akaniambia ninamenya maganda manene sana, ninatupa chakula.

Jumapili iliyopita mgeni niliyekuwa nikimpikia alikuwa Mama. Amekuja kukaa nasi kidogo baada ya mazishi, mnene siku hizi, anapenda kulalamika juu ya magoti. Kazi ya mume wangu haijapatikana. Tuliketi mezani, nikamwambia Mama atuombee, akasema hapana, omba wewe. Ilikuwa miezi mingi tangu niombe. Nilifungua mdomo nikatafuta maneno, na yaliyokuja yalikuwa machache. "Asante. Amekaa na sisi leo."

Nilipofumbua macho, mume wangu alikuwa ameiweka firigisi kwenye sahani ya Mama. Mama akaikata vipande viwili. Akatazama kiti kilichokuwa kitupu pembeni yake, halafu akanyoosha mkono na kuniwekea kipande kile kingine kiganjani.